Mwalimu akibaki darasani asionekane ameshindwa maisha

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi kwenye ukurasa wako wa barua niseme jambo ambalo sisi walimu wa shule za msingi tunaliongea kila siku ofisini na kwenye magrupu ya WhatsApp lakini likifika juu linageuka linakua kitu kingine kabisa. Tukisema walimu hatuthaminiwi watu wanasikia mshahara, wanajibu mshahara, wanatutajia bajeti, mjadala unaishia hapo. Mshahara ni ishu ya kweli na sitojifanya hainihusu, ila leo naongelea kitu kingine ambacho mimi kinaniuma zaidi. Hapa kwetu Tanzania hamna njia yoyote rasmi ya mwalimu kutambuliwa kua ni fundi wa kufundisha huku akiwa bado anafundisha. Ukionekana unafundisha vizuri sana unatolewa darasani, unapewa ualimu mkuu, ukifanya vizuri na huko unapelekwa kata, ukifanya vizuri kata unaenda halmashauri, na kila ukipanda unazidi kua mbali na ubao. Yule anayebaki na watoto miaka thelathini anaonekana amekosa bahati.

Wasioijua kazi hii niwaeleze kidogo mambo yanavyoenda. Mwalimu wa cheti anaajiriwa kama Mwalimu Daraja la III A, kwenye ngazi ya mshahara wa walimu inayoitwa TGTS B, wa diploma anaanza III B ambayo ni TGTS C, wa digrii anaanza III C, TGTS D. Baada ya hapo unasubiri miaka yako itimie, zamani tulizoea mitatu siku hizi ni minne, alafu uombee bajeti ya mwaka huo ikukute. Sasa angalia vizuri ngazi hii inahesabu nini, inahesabu cheti na inahesabu miaka, basi. Mwalimu aliyewafungua macho watoto mia nne na mwalimu anayeingia kipindi kupiga stori mpaka kengele ilie, kama waliajiriwa pamoja na mafaili yao yako safi, watapanda pamoja. Cha kuwatofautisha ni madaraka peke yake. Tangu 2016 mwalimu mkuu analipwa posho ya madaraka shilingi 200,000 kwa mwezi, mkuu wa shule ya sekondari na mratibu elimu kata 250,000, na hiyo ilikua haki yao maana walikua wanateseka bure, nawajua waliokua wanatoa nauli mfukoni kwenda kuchukua mitihani wilayani. Lakini yule wa darasani, mwenye vipindi vyote vya siku, posho ya kufundishia anaisikia kwenye hotuba. Chama chetu cha Walimu Tanzania, CWT, kimeidai miaka nenda rudi, wakubwa watakumbuka mgomo ule wa Julai 2012 tulivyodai mshahara upande asilimia 100, posho ya asilimia 55 kwa walimu wa sayansi, 50 kwa wa sanaa na 30 kwa wa mazingira magumu, Mahakama Kuu Kitengo cha Kazi ikausimamisha mgomo tukarudi darasani na chaki zetu.

Kwahiyo mwalimu kijana mwenye akili akipiga hesabu zake anaona nini? Anaona akitaka aonekane lazima awahi ofisini. Na simlaumu hata kidogo.

Hasara yake nimeiona kwa macho. Kuna mwalimu wa hisabati kata ya jirani, darasa la sita na la saba, watoto walikua wanatoka shule nyingine kumfata kwenye masomo ya ziada ya jumamosi. Akapewa ukuu wa shule. Leo ukimkuta yuko saiti, maana ujenzi wa madarasa unaenda kwa fosi akaunti, yaani shule yenyewe inanunua vifaa na kutafuta fundi bila mkandarasi, na msimamizi ni yeye, anahesabu mifuko ya saruji, anatafuta risiti za EFD, anabishana na fundi kuhusu nondo, jioni anaandaa taarifa ya kata, kesho ana kikao cha lishe. Vipindi vyake vya hisabati anavishika mwalimu wa maarifa ya jamii. Tumempata msimamizi wa ujenzi wa kawaida tu, mwalimu wa hisabati aliyekua hana mfano tumempoteza, na kwenye makaratasi hii inaandikwa ni kupandishwa.

Sasa nimtaje mwingine, huyu ni wa shuleni kwetu, jina sitaji kwasababu hapendi mambo haya. Ni mama mtu mzima anafundisha darasa la kwanza, nilipoletwa hapa nilimkuta darasa la kwanza na mpaka leo yupo darasa la kwanza. Tangu elimu bila ada ianze Januari 2016 darasa lile halijawahi kukaa kwenye uwiano wa serikali wa watoto 45 kwa mwalimu, kuna mwaka walikua wanakaa mpaka mlangoni. Siku moja nilikaa nyuma kwenye kipindi chake cha kusoma. Mtoto mmoja alisimama akasoma ukurasa mzima wa kitabu bila kukwama, wenzie wakampigia makofi, na mtu yeyote pale angesema huyu tayari. Mama akamsogelea taratibu akaweka kiganja juu ya picha, alafu akaonyesha kwa kidole neno moja tu katikati ya mstari wa tatu. Mtoto kimya. Alikua ameukariri ukurasa mzima kwa kumsikia dada yake wa darasa la tatu akiusoma nyumbani. Mama hakumkaripia wala hakumwambia wenzie, alimwambia baba njoo ukae hapa mbele, akampa vikadi vyake vya silabi, na kwenye kauntabuku lake akaandika kitu. Baadae nikaomba kuliona lile kauntabuku. Kila mtoto ana mstari wake, huyu amekwama kwenye "mba mbe mbi", huyu anasoma ila haunganishi, huyu anashika penseli kwa ngumi, huyu haoni ubaoni asogezwe. Hakuna mtu aliyemwagiza aandike hayo na halipo kwenye orodha ya mthibiti ubora wa shule.

Na huku kwetu usukumani kuna jambo jingine ambalo mwalimu mgeni linamsumbua sana, watoto wengi wanakuja shule Kiswahili chenyewe hawajakishika na r hawana, mtoto anaona barabara anasoma balabala. Mwalimu asiyejua anamkata mtoto anamwambia amekosea, mtoto anaogopa kusoma kwa sauti mpaka anafika la nne. Yule mama anasema mwache, huyu anasoma vizuri kabisa, ulimi utakuja wenyewe. Ila mtoto akisoma "bababara" hapo anamsimamisha, maana huyo anabahatisha. Kujua tofauti ya hao wawili ndani ya darasa la watoto zaidi ya mia ni utaalamu, na miaka miwili ya cheti haikupi huo, unaupata kwa kukaa na watoto wadogo mwaka baada ya mwaka ukiwa unawasikiliza kwelikweli.

Nchi hii ilishaona umuhimu wake. Mwaka 2015 tukaletewa mtaala wa darasa la kwanza na la pili unaosimama kwenye KKK, kusoma, kuandika na kuhesabu, walimu wakapelekwa mafunzo, na Baraza la Mitihani linafanya upimaji wa KKK darasa la pili. Vizuri sana. Sasa niambieni, mwalimu aliyethibitika ni bingwa wa KKK anaitwa nani kwenye muundo wa utumishi? Haitwi kitu. Ni mwalimu wa daraja fulani kama wengine.

Matokeo ya darasa la saba yakitoka ndo utaona vizuri zaidi. Shule nyingi siku hizi zinatoa hela ya A, kamati na wazazi wanakaa wanasema kila A mwalimu wa somo apewe elfu tano au elfu kumi, wengine wanapelekwa kutembea mbugani. Wanaitwa mbele walimu wa la saba, wanapigiwa vigelegele, na wanastahili. Yule aliyewafundisha watoto hao hao kushika penseli miaka sita nyuma anakaa kwenye benchi anapiga makofi na wazazi. Hajawahi kuitwa hata siku moja. Alishatakiwa awe mwalimu mkuu akakataa, akasema yeye kazi anayoijua ni ya watoto wadogo, na badala ya kukataa kwake kuheshimiwa kimekua kitu cha kumsemea. Kijijini wanauliza mama miaka yote hiyo bado darasa la kwanza tu? Kuna afisa mmoja alikuja ziara akamwambia mbele yetu wote, mama wewe bado upo upo tu na vitoto. Alicheka. Sisi hatukucheka.

Najua hii dharau haijaanza jana. Baada ya Azimio la Musoma la 1974 nchi iliamua watoto wote waingie shule, UPE, yaani elimu ya msingi kwa wote, ikaanza kutekelezwa 1977, na walimu hawakuwepo. Wakachukuliwa vijana waliomaliza darasa la saba, wakafundishwa huko huko vijijini, nusu ya siku wanafundisha nusu ya siku wanajifunza na masomo ya redio na ya kwa njia ya posta, mpaka wakafuzu. Hao ndo walibeba nchi. Maprofesa na mawaziri wengi tu wa leo silabi zao za kwanza walizipata kwa mwalimu wa UPE. Nchi ikawalipaje? "Mwalimu wa UPE" likageuka tusi. Ikaja miaka ya 2000 shule za sekondari za kata zikafumuka kila mahali, vijana wa fomu six wakapigwa msasa wa haraka haraka wakapelekwa kufundisha, wakaitwa voda fasta, na jina likawaganda mpaka leo hata wale waliorudi chuo wakachukua digrii. Yaani sisi kila tunapokua na shida ya walimu tunatafuta mtu wa haraka wa bei nafuu, akishatuvusha tunamcheka. Ndo maana nashindwa kukubali wanaosema heshima ya mwalimu imeshuka kwasababu ya walimu wenyewe.

Alafu likaja lile la 2016. Serikali ilisimamisha kupandisha madaraja ili ihakiki watumishi hewa na vyeti, na Aprili 2017 ikatangazwa kua watumishi 9,932 wana vyeti vya kughushi. Uhakiki ulikua sahihi na mwenye cheti chake halali hakuuogopa. Lakini mwenye cheti halali ndo aliyeumia kwa kusubiri, wengine walishapewa barua za daraja jipya zikasitishwa mkononi, wakaja kupanda baadae sana, na alieajiriwa nyuma yao miaka miwili mitatu wakajikuta wako nae daraja moja. Ndo likazaliwa hili neno mserereko, kwamba waliocheleweshwa wasereshwe wafike walipotakiwa kuwepo. Wengi wamesereshwa na tunashukuru kwa hilo, serikali ya awamu ya sita imefungua mambo mengi ya madaraja lazima tuseme ukweli. Ila bado kila kikao cha walimu utamkuta mtu mzima ameshika bahasha ya kaki yenye nakala za barua zake za tangu ajira ya kwanza, anaomba mtu amsikilize. Anakaribia sitini na bado anabishania daraja la mwaka 2016.

Na aliyejiendeleza nae ana lake. Mwalimu wa cheti anasoma Chuo Kikuu Huria kwa hela yake, likizo zake zote anakaa kwenye vitabu, anapata digrii, anaomba kubadilishiwa muundo. Wapo walioenda kwenye muundo mpya wakaanzia D ya digrii wakati kwenye cheti walishafika E, mshahara ukabaki ule ule wa zamani kama mshahara binafsi lakini cheo kimerudi nyuma. Na wengi wakishapata digrii hawakai msingi, wanatafuta sekondari, maana kwenye vichwa vya watu msingi ni kwa wasiosoma. Kumbukeni miaka ya 2017 na 2018 walimu wa sanaa waliozidi sekondari walipohamishiwa shule za msingi, wengi walilia kama wameadhibiwa na jamii ikawapa pole kama wamefiwa. Walienda kufundisha watoto! Kama kweli tunaamini msingi ndo msingi, kwanini mwalimu mwenye digrii kupelekwa kule ionekane kashushwa?

Sasa hivi tunapimwa na PEPMIS, mfumo wa mtandaoni wa kupima kazi za watumishi wa umma uliochukua nafasi ya ule wa fomu wa OPRAS. Sipingi kupimwa. Nataka nipimwe! Lakini njooni muone upimaji wenyewe. Mwalimu anajaza kazi zake kwenye simu, bando lake, mtandao wa kutafuta, wasioweza wanaenda kwa kijana wa steshenari wanamlipa anawajazia, na anawajazia maneno yale yale wote, kuandaa azimio la kazi, kuandaa andalio la somo, kufundisha vipindi, kusahihisha madaftari. Mkuu wa kituo anaingia anakubali, asilimia zinapanda zinakua mia, imeisha. Kauntabuku la yule mama halina mahali pa kuingia kwenye mfumo ule. Hakuna kisanduku kinachouliza watoto wangapi walikuja hawajui herufi na wangapi wameondoka wanasoma. Wathibiti ubora nao wakija wanaomba shajara ya somo, maandalio, nukuu, wanakaa darasani dakika chache, wanaondoka na gari jingine lina safari. Sio watu wabaya, ni wachache na shule ni nyingi. Ila mwisho wa siku karatasi ndo inayopimwa.

Kuna watakaosema mbona mnatuzwa Mei Mosi. Ni kweli, kila mwaka kila idara inachagua mfanyakazi hodari, anapewa cheti na hela kidogo, anapiga picha na mkuu wa mkoa. Mimi napenda ile siku. Lakini mfanyakazi hodari wa Mei Mosi kesho yake anarudi kazini yule yule, cheo kile kile, hakuna anayekuja kujifunza kwake, na shule nyingi zinaenda kwa zamu, mwaka huu wewe mwaka ujao mwenzio, ili watu wasinuniane. Oktoba 5 ndo usiseme, Siku ya Walimu Duniani tunavaa tisheti tunasikiliza hotuba. Wangapi wanaojua kwanini ni Oktoba 5? Ni kwasababu siku hiyo mwaka 1966 mjini Paris UNESCO na ILO walipitisha mapendekezo kuhusu hadhi ya walimu, na siku yenyewe ikaanza kuadhimishwa 1994. Ndani ya mapendekezo yale imo kabisa kwamba kupanda kwa mwalimu kutegemee tathmini ya haki ya sifa zake za kitaaluma, kwa vigezo vilivyowekwa kwa kushauriana na vyama vya walimu. Tangu 1966! Tisheti tumeshona nyingi, hicho kipengele hatujakigusa.

Wenzetu Kenya mwaka 2019 walimpata Peter Tabichi, mwalimu wa hisabati na fizikia, bruda wa Kifransisko, kutoka Keriko Mixed Day huko kaunti ya Nakuru, shule ya kijijini yenye shida zote tunazozijua, sehemu kubwa ya mshahara wake alikua anawapa maskini. Akashinda tuzo ya mwalimu bora duniani, dola milioni moja. Nilifurahi siku ile kama vile ni ndugu yangu. Lakini tunasema mcheza kwao hutuzwa, na wengi wetu Afrika Mashariki tulimsikia kwa mara ya kwanza alipotuzwa Dubai. Kina Tabichi wako wangapi kwenye wilaya zetu ambao hamna mtu wa Dubai atakayewafikia?

Singapore wao hawakusubiri tuzo. Kuanzia 2001 waliweka njia tatu kwenye ajira ya ualimu, moja ya uongozi, moja ya wataalamu wa mitaala na utafiti, na moja ya ufundishaji wenyewe, mwalimu anachagua. Kwenye ile ya ufundishaji kuna vyeo vinavyopanda mpaka mwalimu bingwa na juu yake mwalimu bingwa mkuu, na mtu huyo bado ni mwalimu, kazi yake ni kufundisha na kuwalea walimu wengine. Kwahiyo mwalimu wa kule akisema mimi naipenda chaki hatoi sadaka maisha yake na ya watoto wake. Sisemi tuige kila kitu, Singapore kwa ukubwa wa eneo ni kajiji kakilinganishwa na Simiyu na hela wanazo, nasema tu kwamba hilo wazo la kua na njia mbili za kupanda sio ndoto, lipo linafanya kazi zaidi ya miaka ishirini.

Mtaniambia tuna Bodi ya Kitaalamu ya Walimu, sheria yake Bunge lilipitisha 2018. Sawa, na mimi ni miongoni mwa wanaoitaka, wahasibu wana bodi, madaktari wana baraza, wahandisi wana bodi, kwanini sisi tusiwe nayo. Lakini nilichokisikia kwa walimu wengi ni hofu ya ada na leseni, yaani bodi inakuja kutukata hela na kututisha. Kenya nao walipoleta mafunzo ya lazima ya kuhuisha leseni mwaka 2021 walimu wakaambiwa walipe wenyewe, ukawa mzozo mkubwa. Tusifike huko. Bodi ikianza kwa kuwatambua mabingwa waliopo, ikawapa hadhi inayoandikwa kwenye barua na kusomeka kwenye hati ya mshahara, walimu wenyewe tutapanga foleni kujiandikisha. Ikianza na risiti, tutaikimbia.

Na mahali pa kuanzia papo. Tuna MEWAKA, mafunzo endelevu ya walimu kazini, tunakutana kwenye jumuiya za kujifunza shuleni na kwenye vituo vya walimu. Wazo zuri sana lile. Ila nani anafundisha kwenye jumuiya? Mara nyingi ni mwalimu mkuu au mwalimu wa taaluma anayesoma moduli tukimsikiliza, wakati bingwa wa kusomesha amekaa nyuma anasinzia kwa uchovu wa watoto mia. Mgeuzeni awe yeye ndo mwalimu wa walimu kata nzima, apunguziwe vipindi siku moja kwa wiki, azunguke shule tatu nne, akae madarasani na vijana wapya waliotoka kwenye usaili wa juzi, awaonyeshe lile la kufunika picha kwa kiganja. Apewe cheo kinachoeleweka na posho japo sawa na ya mwalimu mkuu. Bingwa mmoja kwa kila kata haiwezi kuivunja serikali, sana sana ukilinganisha na gharama ya mtoto kukaa shule miaka saba akatoka hajui kusoma.

Najua swali la mwisho, mtawapataje hao mabingwa bila upendeleo, maana kwetu kila kitu kizuri kinaingiliwa na undugu na nani anamjua nani. Ni hofu ya kweli na walimu watoro tunao, wa bodaboda tunao, wa kusaini asubuhi na kuondoka tunao, hao wasije wakajipenyeza. Ndo maana nasema asichague mtu mmoja ofisini. Watoto wapimwe kusoma mwanzo wa mwaka na mwisho wa mwaka na mtu wa shule nyingine, kipindi chake kiangaliwe zaidi ya mara moja bila taarifa, walimu wenzie wapige kura ya siri, wazazi waulizwe. Walimu wenzako huwezi kuwadanganya, ofisi nzima inajua nani anafundisha. Na hadhi hiyo iwe inahuishwa kila baada ya miaka michache ili mtu asije akaipata alafu akalala.

Naomba Utumishi, TAMISEMI, Tume ya Utumishi wa Walimu na CWT wakae meza moja walifanyie kazi hili kabla ya bajeti ijayo, wachague hata wilaya moja ya majaribio, na waanze na walimu wa darasa la kwanza na la pili. Kama watataka wilaya ya kuanzia, sisi walimu wa kata yetu tumeshaandika mapendekezo yetu kurasa nne, vigezo na namna ya kuchagua vyote vimo, tumempa afisa elimu kata ameyapeleka wilayani na tunasubiri majibu. Na yule mama amebakiza muda mfupi astaafu, kwahiyo kwa ajili yake tunaomba jambo moja lisilohitaji hata bajeti, kwamba kabla hajaondoka walimu wa darasa la kwanza wa kata nzima waruhusiwe kuja kukaa darasani kwake wiki moja moja na madaftari yao.

Ni mimi mwalimu wa shule ya msingi,
Mkoa wa Simiyu